Tanuri ndilo huamua thamani ya spea za aluminiamu

Wafanyabiashara wengi wa spea za magari hupima silinda hedi, pistoni na rimu za aluminiamu kwa macho, kwa uzito na kwa jina lililoandikwa kwenye boksi. Vipimo hivyo vitatu havioneshi jambo moja ambalo huamua kama kipuri kitadumu kwa miaka au kitarudishwa dukani baada ya wiki chache. Jambo hilo ni joto ambalo kipuri kilipitishwa baada ya kutoka kwenye kalibu.

Hedi mbili zinaweza kusubiwa katika kalibu moja, kwa metali iliyotoka chungu kimoja, zikawa na uzito na rangi ile ile. Moja ikiingizwa kwenye tanuri kwa utaratibu unaotakiwa na nyingine ikiachwa ipoe yenyewe, ya kwanza inaweza kubeba karibu mara mbili ya mzigo wa ya pili kabla haijapinda. Mnunuzi aliyesimama mbele ya kaunta hana namna ya kuzitofautisha kwa jicho.

Kwa masoko ya Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Kirinyaga Road jijini Nairobi, suala hili ni la mtaji. Magari mengi yanayohudumiwa na maduka hayo ni yale yaliyotumika Japani, na injini nyingi za magari hayo zina hedi za aluminiamu. Hedi inapopasuka, anayedaiwa kwanza ni muuzaji, kisha fundi. Kiwanda kilichoitengeneza kiko mbali.

Bei ya London si bei ya kipuri

Anayefuatilia bei za metali hutazama Soko la Metali la London. Soko hilo lilianzisha mkataba wa aluminiamu safi mwaka 1978, na mwaka 1992 likaongeza mkataba wa aloi za aluminiamu, yaani aluminiamu iliyochanganywa na silikoni, shaba na metali nyingine kwa ajili ya kusubu.

Bei hizo ni za mikuo, ambayo bado haijawa kipuri. Zinamweleza mfanyabiashara gharama ya malighafi, lakini hazigusi kazi ya kalibu, kazi ya tanuri, kazi ya kerezo wala gharama ya ukaguzi. Ndiyo maana bei ya mikuo inaweza kushuka huku kipuri kizuri kikibaki ghali. Vilevile, kipuri kinaweza kuuzwa kwa bei ya chini kupita kiasi bila malighafi kuwa imeshuka hata kidogo. Hapo mnunuzi anapaswa kujiuliza ni hatua gani imerukwa.

Chakavu nacho kina hesabu yake. Kuyeyusha aluminiamu iliyokwishatumika huchukua takriban asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuipata kutoka kwenye madini yake, na hiyo ni faida kubwa. Tatizo ni kwamba chakavu huja kimechanganyika. Aloi inayojulikana kama A356, ambayo Wajapani huiita AC4CH na ambayo hutumika sana kwa rimu, hairuhusu chuma kuzidi asilimia 0.20. Aloi za kusubu kwa shinikizo, kama ADC12 ya Japani, huruhusu hadi asilimia 1.3. Zikitupwa katika chungu kimoja, chuma hicho hakitoki kirahisi, na metali inayopatikana huwa rahisi kuvunjika.

Sukari katika chai

Kazi ya tanuri inaweza kuelezwa kwa kikombe cha chai. Chai ya moto huyeyusha sukari nyingi. Ikipoa polepole, sukari iliyozidi huanza kurudi chini ya kikombe.

A356 ina silikoni kama asilimia 7 na magnesiamu chini kidogo ya nusu asilimia. Kipuri kikipashwa hadi nyuzi joto 540 za Sentigredi na kushikiliwa hapo kwa saa kadhaa, magnesiamu na sehemu ya silikoni huyeyuka ndani ya aluminiamu, ingawa kipuri chenyewe bado ni kigumu. Hii ndiyo hatua ya kwanza.

Hatua ya pili ni kukipoza ghafla, kwa kawaida kwa kukizamisha katika maji ndani ya sekunde chache tangu kitoke kwenye tanuri. Kupoza huko hakuipi "sukari" nafasi ya kurudi chini. Hubaki imenaswa ndani ya metali.

Hatua ya tatu ni kukikomaza kipuri. Hurudishwa kwenye joto la chini, kati ya nyuzi 155 na 170, kwa saa kadhaa. Hapo magnesiamu na silikoni hukutana na kufanya chembe ndogo mno zilizotapakaa kila mahali. Chembe hizo huzuia matabaka ya metali kuteleza moja juu ya jingine, na ugumu wa kipuri hutokana na kizuizi hicho.

Siri hii iligunduliwa nchini Ujerumani na Alfred Wilm mwaka 1906. Mchanganyiko wake wa aluminiamu, shaba na magnesiamu, uliopashwa na kupozwa ghafla, ulikutwa umekuwa mgumu zaidi baada ya kukaa siku chache tu bila kuguswa. Kutokana na kazi yake ilipatikana metali iliyoitwa Duralumin, ambayo iliingia katika ndege za mwanzo za metali. Tangu hapo tanuri likawa sehemu ya bei ya aluminiamu yenye kazi nzito.

Faida yake inapimika. A356 iliyotoka tu kwenye kalibu huanza kupinda bila kurudi kwenye mzigo wa kilo 10 hivi kwa kila milimita ya mraba. Baada ya hatua zote tatu, kiwango hicho hupanda hadi kati ya kilo 17 na 21. Hati za viwanda huandika kwa megapaskali, na kilo 1 kwa milimita ya mraba ni karibu megapaskali 10.

Herufi za kuangalia

Viwanda hueleza matibabu ya joto kwa alama fupi ambazo mfanyabiashara anaweza kuzisoma bila kuwa mhandisi.

F maana yake kipuri kimeachwa kama kilivyotoka kwenye kalibu. T5 maana yake kimekomazwa tu, bila kupashwa kwa joto la juu na kupozwa ghafla. T6 ni hatua zote tatu, na hutoa ugumu wa juu. T7 ni hatua hizo hizo, ila ukomazaji unafanywa kwa joto kubwa zaidi, kwa kawaida juu ya nyuzi 200. Ugumu hupungua kidogo, lakini kipuri huwa kimetulia na hakibadiliki umbo kirahisi kikiwa kazini.

Haina maana kwamba T6 ni bora kila mahali. Kwa rimu, inayohitaji nguvu, T6 ni chaguo la kawaida. Kwa silinda hedi inayofanya kazi katika joto kali, baadhi ya viwanda huchagua T7. Vipuri vingi vilivyosubiwa kwa shinikizo kubwa havipitishwi T6 kabisa, kwa sababu gesi iliyonaswa ndani yake hufura ikipashwa na kuacha malengelenge juu ya uso. Muuzaji anayedai kuwa kifuniko cha kawaida cha giaboksi ni T6 anastahili kuulizwa maswali.

Mkazo usioonekana

Hatua ya kupoza ghafla, ambayo ndiyo huleta ugumu, huleta pia deni. Wataalamu wa metali huliita mkazo uliosalia. Ni nguvu inayobaki imefungwa ndani ya kipuri hata kikiwa kimelala kwenye shelfu bila mzigo wowote.

Deni hilo huingia hivi. Kipuri kinapozamishwa, uso wake hupoa kwanza na kusinyaa. Sehemu ya ndani ingali ya moto na laini, hivyo hukubali kufuata. Baadaye ndani nako hupoa na kutaka kusinyaa, lakini uso umekwisha kuwa mgumu na haukubali. Mwisho wake, uso hubaki umebanwa na ndani hubaki kunavutwa.

Mtu aliyewahi kuwamba kitanda cha kamba anaijua hali hiyo. Kamba huvuta, mbao husukuma, na kitanda hutulia kwa sababu pande zote zinashindana sawasawa. Ukikata kamba za upande mmoja, fremu hupinda yenyewe ingawa hakuna aliyekaa juu yake.

Ndivyo inavyotokea kwenye kerezo. Fundi anapokwangua tabaka la juu la kipuri chenye mkazo mwingi, huwa ameondoa upande mmoja wa mashindano hayo. Kipuri kilichokuwa kimenyooka asubuhi kinaweza kukutwa kimepinda jioni, na lawama humwangukia fundi ambaye hakukosea.

Ukubwa wa nguvu hizo si wa kupuuza. Aluminiamu husinyaa na kutanuka sana, karibu mara mbili ya chuma cha kusubu. Tofauti ya nyuzi 100 tu kati ya sehemu mbili za kipuri, kama haziachiwi nafasi ya kusogea, inatosha kuzaa mkazo wa kilo 15 hivi kwa kila milimita ya mraba. Hicho ni kiwango kinachokaribia uwezo wote wa aloi yenyewe. Kipuri kinachoingia kazini kikiwa na mzigo wa namna hiyo tayari ndani yake kimebakiwa na nafasi ndogo ya kubeba mzigo wa injini.

Kwa sababu hiyo viwanda makini hutafuta njia ya kati. Wengi hupoza kwa maji ya moto ya nyuzi 60 hadi 80 badala ya maji baridi, na wengine hutumia upepo mkali kwa hedi zenye umbo gumu. Kadiri kipuri kinavyopoa polepole, ndivyo mkazo unavyopungua, lakini ugumu nao hupungua. Ukomazaji wa T6 huondoa sehemu ndogo tu ya mkazo huo. Ule wa T7, kwa kuwa joto lake ni kubwa, huondoa zaidi.

Hedi inapochemka

Hapo ndipo biashara ya hedi inapokutana na elimu hii. Hedi ya aluminiamu hufungwa kwa bolti juu ya bloku ambayo mara nyingi ni ya chuma cha kusubu. Gari likichemka kwa sababu ya rejeta kuvuja au pampu ya maji kufa, hedi hutaka kutanuka mara mbili ya bloku, lakini bolti zinaizuia. Metali iliyolainika kwa joto hujikunja ndani kwa ndani. Injini ikipoa, hedi haitarudi katika umbo lake la kwanza.

Sehemu nyembamba kati ya valvu ndiyo huumia zaidi, kwa kuwa ndiyo hupata joto kali kuliko nyingine. Kila mara injini inapowaka sehemu hiyo hubanwa, na inapozimwa huvutwa. Mvuto huo ukijumlishwa na mkazo uliosalia kutoka kiwandani, ufa huanzia hapo.

Madhara ya pili ni kwamba joto lililozidi hufuta kazi ya tanuri. Zile chembe ndogo huvimba na kupungua idadi, na metali hulainika. Hedi kama hiyo inaweza kuchongwa uso ikaonekana mpya na ikauzwa kama iliyotengenezwa upya, lakini haina tena ugumu wa kushika gasketi chini ya bolti.

Kipimo cha ugumu cha Brinell hufichua jambo hilo kwa dakika chache. A356 yenye T6 nzuri kwa kawaida husoma kati ya 75 na 90. Ile isiyotibiwa husoma karibu na 60. Karakana inayonunua hedi zilizotumika kwa wingi ikiwa na kifaa hicho inaweza kutenga zilizolainika kabla ya kulipa.

Rimu iliyochomelewa

Rimu za aloi zilizopasuka huchomelewa kwa gesi ya agoni, hupakwa rangi na kurudi sokoni. Mshono wenyewe unaweza kuwa mzuri. Hatari iko pembeni mwa mshono, ambako joto la kuchomelea limefuta T6 na kuacha ukanda laini, huku mkazo mpya ukiwa umeongezwa na mshono uliosinyaa.

Rimu hiyo haiwezi kurudishiwa nguvu bila kupitishwa upya hatua zote tatu za tanuri, na ikipitishwa inaweza kupinda isifae. Hapa hasara si ya gasketi. Gurudumu likivunjika katika barabara kuu, hasara ni ya maisha ya watu. Mfanyabiashara mwenye busara huzipeleka rimu zilizopasuka kwenye chakavu na kukubali bei ya kilo.

Kwa rimu za Kijapani, alama ya JWL huonesha kuwa mtengenezaji ametamka kwamba imefuata kiwango cha majaribio cha nchi hiyo. VIA huonesha kuwa rimu imesajiliwa baada ya kupimwa na maabara isiyo ya mtengenezaji. Alama huweza kughushiwa, hivyo ni mwanzo tu wa ukaguzi.

Hesabu ya muuzaji

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara anayeagiza hedi 50. Zile zenye hati ya matibabu ya joto anazipata kwa sh. 100,000 kila moja, na zisizo na hati kwa sh. 80,000. Zote anaziuza kwa sh. 130,000.

Kwa mzigo wa kwanza faida ni sh. 30,000 kwa hedi, jumla sh. 1,500,000. Kwa mzigo wa pili ni sh. 50,000 kwa hedi, jumla sh. 2,500,000. Tofauti ya sh. 1,000,000 inavutia.

Hata hivyo, kila hedi inayorudi inamlazimu kurejesha sh. 130,000. Zikirudi 8 kati ya 50, anarejesha sh. 1,040,000 na faida yote ya ziada imekwisha. Hapo hajalipa gasketi mpya, hajamlipa fundi aliyefungua injini mara mbili, wala hajahesabu wateja ambao hawatarudi. Ikiwa hata hedi chache kati ya zenye hati zitarudi, hesabu itabadilika, lakini swali la mfanyabiashara linabaki lile lile: je, punguzo hili linalipia idadi ya zitakazorudishwa?

Kwa anayetaka kuweka fedha kwenye kusubu

Wapo wawekezaji wadogo wanaofikiria kuungana na kufungua karakana ya kusubu aluminiamu, wakitazama wingi wa chakavu mjini. Wazo hilo si baya, ila lazima bidhaa ichaguliwe kwa uangalifu.

Sufuria, vishikio, mapambo na vifuniko visivyobeba mzigo havihitaji T6. Kwa bidhaa hizo chungu, kalibu na fundi hodari vinatosha, na fedha ya tanuri la matibabu ingekuwa imepotea bure.

Anayelenga puli, mikono ya mitambo, vipande vya pampu au vipuri vya magari anaingia katika biashara nyingine. Anahitaji mikuo yenye mchanganyiko unaojulikana, kwa kuwa metali isiyo na magnesiamu wala shaba ya kutosha haitapata ugumu hata ikikaa ndani ya tanuri wiki nzima. Anahitaji pia tanuri ambalo joto lake halipishani zaidi ya nyuzi chache kutoka kona moja hadi nyingine. Joto likiwa pungufu, hakuna kinachoyeyuka. Likizidi, baadhi ya sehemu za metali huanza kuyeyuka kabisa na kipuri huharibika. Aloi zenye shaba nyingi hutaka joto la chini zaidi, karibu nyuzi 500, hivyo mizigo miwili ya aloi tofauti haichanganywi katika tanuri moja.

Zaidi ya hayo kuna pipa la maji lililo karibu na mlango wa tanuri, kipimo cha ugumu, na daftari la kumbukumbu za kila mzigo. Umeme nao ni gharama ya kila siku, na ukikatika katikati ya saa za kupasha, mzigo hauwezi kuuzwa kama T6. Mpango wa biashara usioonesha vitu hivi, huku ukiahidi vipuri vya injini, haujakamilika.

Ya kuuliza kabla ya kulipa

Mnunuzi wa jumla anaweza kujilinda kwa maswali machache. Aloi ni ipi? Matibabu ni F, T5, T6 au T7? Je, kuna hati inayotaja namba ya mzigo, joto, muda na vipimo vya ugumu? Baada ya kupoza ghafla, ni nini kilifanyika kupunguza mkazo kabla ya kipuri kuchongwa?

Muuzaji anayejibu kwa karatasi anauza kitu anachokijua. Anayejibu kwa kushusha bei anamhamishia mnunuzi hatari yake.

Kwa mzigo mkubwa, inafaa kutoa kipuri kimoja kati ya kila kundi kikapimwe ugumu, na ikiwezekana kikatwe. Kipuri kinachofunga au kufunguka mpasuo mara tu msumeno unapokipitia kimeonesha wazi kuwa kina mkazo ndani. Gharama ya kupoteza kipuri kimoja ni ndogo ikilinganishwa na kontena zima lililokwisha kulipiwa.